Maneno ya Njia ya Misafara na Ufundishaji wa Historia katika Shule za Sekondari za Tabora

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili lilipoanza kufundishwa katika kidato cha kwanza mwaka 2024, liliwekwa katika lugha ya Kiswahili. Jambo hili ni zito kwa mwalimu wa sekondari kuliko linavyoonekana kwa mbali. Aghalabu mwalimu huyo alisoma historia kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hata chuoni. Mitihani yake aliiandika kwa Kiingereza. Na madaftari anayoyategemea anapotayarisha somo yameandikwa kwa Kiingereza vilevile. Sasa atakiwa kusimama mbele ya darasa na kueleza mambo yale yale kwa lugha anayoizungumza kila siku, lakini ambayo hakupata kufundishwa historia kwayo. Hana budi ama kutafsiri, ama kutafuta maneno.

Njia hizo mbili si moja. Anayetafsiri huanzia kwenye kitabu cha kigeni, akafika kwenye Kiswahili kisicho na mwenyewe. Anayetafuta maneno huuliza: watu waliolitenda jambo hili waliliitaje siku zile walipokuwa wakilitenda? Katika sehemu nyingi za historia swali hilo ni gumu kujibiwa kwa Kiswahili, kwa sababu waliotenda hawakutenda kwa Kiswahili. Lakini Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za kazi katika njia hiyo. Kwa hiyo maneno ya mambo yenyewe yapo, na mengi katika hayo yangali vinywani mwa watu.

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi maneno hayo yawezavyo kumsaidia mwalimu wa sekondari kulifundisha somo lake vizuri zaidi, na kumpa la kusema mwanafunzi aliyezoea kunyamaza na kunakili.

Ukimya wa darasani

Ukimya wa wanafunzi wa sekondari umeandikwa sana, na sababu yake kubwa inajulikana. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 mtoto wa Tanzania katika shule za msingi za serikali amefundishwa kwa Kiswahili, kisha akiingia sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 uchunguzi wa Criper na Dodd ulionyesha kwamba wanafunzi walio wengi hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kufuata masomo yao. Tangu hapo wataalamu wengi, Martha Qorro na Birgit Brock-Utne miongoni mwao, wameeleza hali ile ile: mwalimu husema, mwanafunzi hunyamaza, mwalimu huandika ubaoni, mwanafunzi hunakili.

Ingedhaniwa basi kwamba somo likiisha kuletwa katika Kiswahili ukimya utaondoka wenyewe. Haifuati hivyo. Mazoea ya kunakili yamejengwa kwa miaka mingi, kwa mwalimu na kwa mwanafunzi pia, nayo hayaondoki kwa kubadili lugha tu. Mwalimu aliyezoea kuandika ubaoni sababu tano za kukua kwa biashara ya masafa marefu aweza kuziandika kwa Kiswahili kama alivyoziandika kwa Kiingereza, na wanafunzi wakazinakili kwa utulivu ule ule. Tofauti ni kwamba sasa wanazielewa. Lakini kuelewa jibu la mtu mwingine si sawa na kutafuta jibu.

Kiswahili huufungua mlango, wala hakimwingizi mtu ndani. Kinachomwingiza ni swali ambalo mwanafunzi anaweza kulianza kwa kile anachokijua, na asiweze kulimaliza bila kujifunza asichokijua. Maneno ya njia ya misafara yana sifa hiyo hasa. Mwanafunzi wa Tabora anayajua mengi kwa maana yake ya leo. Maana yake ya zamani haijui. Nafasi iliyo kati ya maana hizo mbili ndiyo mahali pa kufundishia.

Njia na mji

Yafaa kukumbusha kwa ufupi mambo yenyewe. Katika karne ya 19 misafara iliyobeba nguo, ushanga na waya ilitoka pwani ikipanda kwenda bara, na mingine ilishuka na pembe za ndovu pamoja na watumwa. Njia ya kati ilipita Mpwapwa, ikakata nchi ya Ugogo yenye maji machache, ikaingia pori lililoitwa Mgunda Mkali, kisha ikatokea Unyanyembe, ambako wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walikuwa na makao yao pamoja na watemi wa Wanyamwezi. Burton na Speke walifika huko mwaka 1857, wakapaita Kazeh. Kutoka hapo njia iligawanyika: moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda.

Biashara hiyo ilileta utajiri na vita pia. Mwaka 1871 mtemi Mirambo wa Urambo alipigana na wafanyabiashara wa Unyanyembe, akaifunga njia ya Ujiji. Alikufa mwaka 1884. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga Wajerumani hata mwaka 1893, akajilipua ndani ya boma lake asitekwe. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kazi ya kubeba mizigo kwa mabega katika njia hiyo ilikwisha. Mapagazi waliondoka, maneno yao yalibaki.

Maneno manne

Kati ya maneno mengi ya njia hiyo, manne yatatosha kuonyesha jinsi neno moja liwezavyo kubeba somo zima.

La kwanza ni pagazi. Katika vitabu vipya mtu huyu aghalabu huitwa mbeba mizigo, na maana haikupotoka. Lakini jina lake la kazi lilikuwa pagazi, na hata leo wanaobeba mizigo ya watalii katika mlima Kilimanjaro huitwa wapagazi. Neno hili linahusiana na kitenzi pagaa, yaani kubeba begani. Mwanafunzi asiyepata kukisikia kitenzi hicho kwa maana ya kubeba amekisikia kwa maana nyingine, ya mtu aliyepagawa na pepo. Mwalimu akiuliza maana hizo zinakutana wapi, darasa halitachelewa kuona kwamba katika hali zote mbili kuna kitu kilichompanda mtu na kumlemea.

Kisha huja swali lenye uzito zaidi: pagazi alikuwa mtumwa au mtu huru? Wanafunzi wengi huchanganya, maana picha wanayoiona vitabuni ni ya watu waliofungwa minyororo. Watumwa walipitishwa katika njia hiyo, na wengine walibebeshwa mizigo. Jambo hilo lisifichwe. Lakini mapagazi wa Kinyamwezi walikuwa kwa sehemu kubwa watu huru waliopatana ujira kabla ya safari, kama alivyoeleza Stephen Rockel katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya mapagazi wa njia hii. Walisafiri zaidi wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, na walipenda kuwa kwao majira ya kulima. Walijua thamani ya kazi yao, wakagoma au kutoroka walipodhulumiwa. Kijana wa Tabora ambaye mababu zake huenda walikuwa katika misafara hiyo ana haki ya kujua tofauti hii, tena aijue kwa maneno yake mwenyewe: ujira, mapatano, mgomo, utumwa.

La pili ni hongo. Hakuna mwanafunzi asiyelijua, na wote watasema ni rushwa. Lakini katika njia ya misafara hongo ilikuwa malipo ambayo msafara uliyatoa kwa mtemi ili upite katika nchi yake. Sifa mbaya kwa hongo ilikuwa Ugogo, na wasafiri wa Kizungu waliilalamikia mno. Hapa mwalimu aweza kuligawa darasa pande mbili. Upande mmoja useme kama mwenye msafara: mzigo wake wapungua kila anapofika kwa mtemi mpya, na hesabu ya doti haina mwisho. Upande wa pili useme kama mtemi wa Ugogo: nchi yake ni kavu, visima ni vichache, na watu mamia kwa mamia waja kunywa maji na kula nafaka ya watu wake, kisha waondoka. Je, asidai kitu? Mjadala huo hauna mshindi wa haraka, na ndiyo maana unafaa. Mwanafunzi aliyeanza kwa kujua kwamba hongo ni uovu atatoka akijua kwamba palikuwa na wakati ambapo ilikuwa ushuru wa mamlaka halali, na atauliza neno liligeuka lini na kwa nini. Walinganishe kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, wakaone maana zinavyopangwa katika kila moja. Tena wafikiri: mamlaka ya mtemi yalipovunjwa na serikali ya kikoloni, malipo aliyokuwa akipewa yangeitwaje na watawala wapya?

La tatu ni doti. Kila msichana darasani anajua kwamba khanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili. Katika misafara doti ilikuwa kipimo cha nguo kilichotumika kama fedha: mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zilifanya doti. Nguo iliyopendwa sana kwa muda mrefu ni merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi ambacho jina lake latangaza lilikotoka. Wafanyabiashara wa Salem katika jimbo la Massachusetts waliileta Unguja tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19; na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, viliipunguza sokoni. Pamba iliyofumwa huko ilikuwa imelimwa kwa sehemu kubwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Pembe za ndovu zilizonunuliwa bara nyingine zilikwenda Connecticut, zikachongwa vibao vya piano. Hivyo neno moja la sokoni lamwonyesha mwanafunzi kwamba Tabora ilikuwa imefungwa pamoja na dunia kabla mkoloni hajafika, na kwamba vifungo hivyo vilikuwa na maumivu katika kila pembe.

La nne ni posho. Leo posho ni fedha anayolipwa mtu kwa kikao au kwa safari ya kikazi. Zamani ilikuwa chakula cha safari, au nguo ya kununulia chakula hicho, nayo ilikuwa mbali na ujira. Tofauti ya posho na mshahara, ambayo watumishi wa serikali huijua sana, ilijulikana kwa pagazi pia. Neno hili halihitaji maelezo marefu. Latosha kumfanya mwanafunzi atambue kwamba desturi za kazi alizozikuta duniani zina umri mrefu.

Hesabu ya siku 134

Maneno peke yake huweza kuchosha. Yanapata nguvu yakifungamanishwa na hesabu na mwili.

Burton aliandika kwamba aliingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani, baada ya mwendo usiopungua maili 600, yaani kilomita 965 hivi. Mwanafunzi agawe: ni kilomita 7 na kidogo kwa siku. Sasa aulizwe ni muda gani humchukua kutembea kilomita 7. Wengi watajibu saa moja na nusu au mbili, na miongoni mwao wamo watembeao zaidi ya hapo kila siku kwenda shule. Basi saa zilizobaki zilikwenda wapi?

Swali hili halina jibu la kunakili. Wanafunzi watataja mzigo, na kweli ulikuwa mzito: frasila mbili, ambazo ni ratili 70 au kilo 32 hivi. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Kwa hiyo pagazi alibeba zaidi ya ndoo moja na nusu, siku baada ya siku. Lakini mzigo peke yake hauelezi siku 134. Watataja maradhi, nao watakuwa wamesema kweli, maana Burton na Speke waliugua mara kwa mara. Watafikia mwisho mambo ambayo mwalimu angetaka kuyafundisha tangu mwanzo: kungojea mapagazi wapya mahali pa waliotoroka, kujadiliana juu ya hongo, kutafuta chakula, kupumzika kabla ya kuingia pori lisilo na maji. Orodha watakayoipata yaweza kuwa ile ile iliyo kitabuni. Tofauti ni kwamba wameifikia kwa akili zao, na mwanafunzi hasahau upesi kitu alichokipata mwenyewe.

Jina la Mgunda Mkali nalo liingizwe hapa. Mgunda ni shamba. Lakini nchi iliyoitwa hivyo ilikuwa kichaka na ukame. Kwa nini wasafiri waliita pori shamba, tena kali? Mwanafunzi anayejua Kinyamwezi atakuwa na la kuchangia, na mara nyingi ndiye aliyekuwa akinyamaza.

Maandishi ya watu wa njia

Baada ya neno na hesabu huja maandishi. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa historia, ambao kwa kawaida kila mmoja hufundisha peke yake, wana hazina moja wanayoweza kuitumia pamoja. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyoelezwa na yeye mwenyewe kwa Kiswahili, yalichapishwa kwanza na Heinrich Brode huko Ujerumani mwaka 1902 na 1903, kisha W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza, yakawa nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa na makao Unyanyembe, akaoa katika ukoo wa mtemi Fundikira. Hivyo Tabora ni mahali pa nyumbani katika kitabu hicho. Kuna pia Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, ambamo wasafiri wa pwani waeleza safari zao za bara. Na Desturi za Wasuaheli ya mwaka 1903, ambayo sehemu yake kubwa ilitoka kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo.

Maandishi haya yana faida mbili. Ya kwanza ni ya lugha: mwanafunzi aona Kiswahili cha nathari kilichokuwa kikieleza biashara, vita na safari kabla ya usanifishaji wa miaka ya 1930, akatambua kwamba lugha yake haikuanza shuleni. Ya pili ni ya historia: aona ushahidi wenyewe badala ya muhtasari wake.

Lakini ushahidi huo hauna budi kuhojiwa. Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na aeleza mambo kama yalivyompendeza mwenye mali. Swali ambalo mwalimu asiliache kamwe ni hili: ni nani aliyekuwapo katika habari hii na hakupewa nafasi ya kusema? Mapagazi hawakuandika vitabu. Wanawake waliosafiri na misafara, na waliouzwa katika misafara, hawakuandika. Kwa hiyo mwanafunzi apewe ukurasa mmoja tu, si kitabu kizima, na aombwe kuandika habari ile ile kwa kauli ya mtu aliyetajwa kwa neno moja na kupitwa. Zoezi hilo ni la insha na la historia kwa pamoja, na mwalimu hawezi kulisahihisha kwa alama ya sawa au si sawa. Humpasa asome na ajibu.

Mji wenyewe na wazee wake

Shule za Tabora zina bahati ambayo shule nyingi hazina: mahali panapofundishwa pako karibu. Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872, kwanza pamoja na Stanley, halafu peke yake hadi Agosti. Nyumba hiyo yajulikana kwa jina la mgeni aliyelala humo. Mwanafunzi aulizwe jina hilo limetoka wapi, na nyumba ingeitwaje kama wenyeji ndio wangeiandikia kibao. Tena aelezwe kwamba mwaka 1873 mwili wa Livingstone ulipita Unyanyembe ukichukuliwa kwenda pwani na watu waliomtumikia, akina Susi na Chuma, na ukafika Bagamoyo mwaka 1874. Njia ile ile, na mabega yale yale.

Wazee nao ni vitabu, lakini husomwa kwa uangalifu. Mfano mzuri ni jina la mji. Husemwa sana kwamba Tabora limetokana na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, tofauti na michembe ambayo hukaushwa mibichi. Mwalimu asiikubali habari hiyo kama jibu, wala asiicheke. Wanafunzi waikusanye kwa wazee watatu au wanne, waandike kila mmoja alivyosema, walinganishe zinapotofautiana, na waulize ni ushahidi gani ungehitajika kuithibitisha. Hata kama asili ya jina haitathibitika, wamejifunza kwamba viazi vilivyokaushwa ni chakula kisichooza upesi, nacho chafaa kwa njia ndefu. Wamejifunza pia tofauti ya simulizi na uthibitisho, ambayo ndiyo roho ya elimu ya historia.

Walimu kusaidiana

Yote yaliyoelezwa hapo juu ni rahisi kuandikwa na magumu kutendwa. Tangu elimu ya sekondari hadi kidato cha nne ilipofanywa kuwa bila ada mwaka 2016, madarasa ya shule nyingi yamejaa. Vipindi ni vifupi, na mtihani wa taifa wangojea mwisho wa safari. Mwalimu mmoja akiambiwa atafute maneno, atayarishe ukurasa wa Tippu Tip, agawe darasa kwa mjadala na asahihishe insha zote, ana haki ya kuuliza siku ina saa ngapi.

Jibu ni kwamba kazi hii haikusudiwi mtu mmoja. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uliozoeleka kwa jina la MEWAKA, wataka walimu wa shule moja wakutane katika jumuiya za ujifunzaji, wachague mada inayowasumbua, watayarishe somo pamoja, mmoja wao alifundishe na wengine watazame, kisha wazungumze juu ya yaliyotokea. Desturi kama hiyo ni ya zamani sana katika shule za Japani. Siri yake ni kwamba mazungumzo hayamhukumu mwalimu aliyefundisha, yatazama wanafunzi. Ni nani aliyesema? Ni nani aliyenyamaza tangu mwanzo hata mwisho? Ni swali lipi lililowaamsha, na lipi lililowalaza?

Neno moja lafaa sana kuwa kiini cha kikao cha namna hiyo. Mada kama biashara ya masafa marefu ni pana, na walimu wakiijadili watapotea ndani yake. Lakini walimu wanne waweza kukaa kwa saa moja na neno hongo peke yake, wakapanga swali la kwanza, jibu wanalolitarajia, swali la pili litakalolitikisa jibu hilo, na ushahidi utakaoletwa. Mwalimu wa hisabati alete frasila na doti. Mwalimu wa jiografia alete ramani ya mvua ya Ugogo. Mwalimu wa Kiswahili alete kamusi. Kikao kikiisha pana somo moja lililo tayari, ambalo kila mmoja aweza kulitumia mwaka huu na mwaka ujao. Maneno kumi yaliyotayarishwa hivyo ni muhula mzima.

Kwa darasa kubwa, wanafunzi waanze wawili wawili kabla ya kusema mbele ya wote, kwa maana anayeona haya mbele ya watu sabini haoni haya mbele ya mmoja. Na kuhusu mtihani, mwanafunzi aliyejadili hongo kwa pande zote mbili haogopi swali la kutaja sababu. Anayeogopa ni yule aliyekariri tano na kusahau mbili.

Tabora ina sababu yake ya kuijali kazi ya mwalimu. Julius Nyerere alisoma katika shule ya serikali ya Tabora kuanzia mwaka 1937, na baada ya Makerere alirudi kufundisha katika shule ya St. Mary's ya mji huo huo, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Cheo alichokihifadhi hata mwisho wa maisha yake, kuliko vyote alivyopewa, ni Mwalimu.

Kazi ya wataalamu wa lugha

Inabaki sehemu isiyo ya walimu. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, kazi iliyohitaji kuundwa kwa istilahi nyingi mpya. Historia ya njia ya misafara haihitaji maneno kuundwa, yahitaji kukusanywa. Msamiati mdogo, wenye maneno mia moja au mia mbili ya njia hiyo, kila neno na maana yake ya zamani, maana yake ya leo, sentensi ya kuonyesha matumizi yake, na mwenzake wa Kinyamwezi au Kigogo inapowezekana, ungekuwa msaada mkubwa kwa mwalimu kuliko miongozo mingi minene. Kazi hiyo yaweza kuanzwa na walimu na wanafunzi wenyewe, na kusahihishwa na wataalamu.

Isipofanywa, lugha ya somo jipya itajengwa kwa tafsiri. Pagazi atakuwa mbeba mizigo, hongo itakuwa ushuru wa kupita, doti itakuwa yadi nne za kitambaa. Kila neno litakuwa sahihi, na mwanafunzi wa Tabora hatatambua kwamba habari anayosomewa ni ya kwao.